Mchoro wa komponenti hatua kwa hatua: mfano wa mfumo wa AMCOS ya kahawa Moshi

Mweleze meneja wa chama cha msingi cha kahawa huko Kibosho au Uru mfumo unaotaka kumjengea, na kabla chai haijapoa atakuwa ameshakuuliza maswali matatu. Mtandao ukikatika, mizani itaendelea kupima? Tukihama kampuni ya kulipia wakulima, mtabomoa kila kitu? Na mkutano mkuu ukipitisha makato mapya, atakayebadilisha ni nani na atagusa wapi?

Ukimfungulia msimbo hutamsaidia, na picha za skrini ndiyo kabisa. Kinachojibu maswali hayo ni mchoro wa komponenti: mfumo umegawanyika vipande gani, kila kipande kinawapa wenzake huduma gani, na chenyewe kinahitaji nini ili kifanye kazi. Mpangilio wa matukio, yaani nani anaanza na nani anafuata, una mchoro wake. Programu gani inakaa kwenye simu na gani inakaa kwenye seva, nayo ina mchoro wake. Ukiyachanganya yote kwenye karatasi moja utapata utando wa buibui ambao hata wewe mwenyewe hutausoma mwezi ujao.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) ya kubuni kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mkulima analeta kahawa aliyoimenya, akaiosha na kuikausha nyumbani. Karani anaikagua, anaipima na kumpa stakabadhi. Chama kinamlipa malipo ya awali. Kahawa inakwenda kukobolewa na kupangwa madaraja, AA, A, B, PB na mengine, kisha inauzwa. Bei ikishajulikana, makato yanatolewa na mkulima anapata malipo ya pili. Kama umekulia Moshi unaijua safari hii, na kujua safari ya kazi ni nusu ya uchoraji.

Hatua ya 1: Andika swali juu ya karatasi

Kabla ya kisanduku cha kwanza, andika swali ambalo mchoro utajibu. Kwa mfano wetu: "Kipande gani kikizimika, kipi kingine kinasimama?" Swali hilo litakusaidia kukata. Rangi za skrini hazihusiki, jedwali za kanzidata hazihusiki, na jina la lugha ya programu halihusiki. Mchoro usio na swali hukua kila wiki mpaka unakuwa bango la ukutani ambalo hakuna anayelitazama.

Hatua ya 2: Kusanya vitenzi

Kaa na karani siku ya kupokea kahawa na uandike anachofanya kwa vitenzi vyake mwenyewe: anatafuta jina la mkulima, anapima, anaandika stakabadhi, anajumlisha kilo za siku. Nenda kwa mhasibu: anakokotoa, anakata deni la pembejeo, anaidhinisha orodha, anatuma pesa, anajibu wakulima wanaolalamika kwamba pesa haijafika. Vitenzi hivyo ni malighafi yako. Ukianza na nomino, "Mkulima", "Kahawa", "Pesa", utaishia kuchora jedwali za kanzidata na kuziita komponenti.

Hatua ya 3: Panga vitenzi katika vipande

Hapa kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vingine: vitu vinavyobadilika kwa sababu moja vikae pamoja, vinavyobadilika kwa sababu tofauti vitenganishwe.

Chukua kukokotoa malipo na kutuma malipo. Kwa mhasibu ni kazi ya mchana mmoja, na ndiyo maana wengi huziweka kwenye moduli moja. Lakini kanuni za kukokotoa hubadilika mkutano mkuu wa wanachama unapoamua kuhusu makato, ilhali njia ya kutuma pesa hubadilika kampuni ya simu inapoamua mambo yake. Ni mabwana wawili tofauti. Zikikaa pamoja, siku kampuni ya simu inapobadilisha namna ya kuunganishwa utakuwa unafungua faili lenye kanuni za makato, na mkono ukiteleza hapo, wakulima wote wanapunjwa au wanazidishiwa.

Kwa kipimo hicho tunapata vipande hivi. Mizani ni programu ya kwenye simu ya karani. Mapokezi hukusanya uzito wa mizani zote za chama. Daftari la Wakulima hutunza wanachama, namba zao na simu zao. Mauzo hutunza shehena, madaraja na bei zilizopatikana. Hesabu za Mkulima hukokotoa anachodai kila mtu. Malipo hutuma pesa na kufuatilia kama zimefika. Ujumbe hutuma SMS. Taarifa huonesha mambo kwa meneja na bodi ya chama, haibadilishi chochote. Nje ya mfumo kuna huduma ya pesa kwa simu na huduma ya SMS, ambazo si zetu ila hatuwezi kuishi bila hizo.

Vipande vinane vyetu na viwili vya nje. Vikizidi kumi na tano kwenye mchoro mmoja, mimi hugawa: mchoro mmoja wa juu, na mwingine wa ndani ya kipande kilichonenepa.

Kuna jaribio la haraka la kujua kama kisanduku kinastahili kuitwa komponenti. Jiulize: naweza kuking'oa na kuweka kingine kinachofanya kazi ileile, majirani wasijue? Ujumbe unafaulu, maana leo SMS inapita kampuni hii na kesho ile. "Vifaa Mbalimbali", kile kisanduku ambacho kila mradi unacho cha kutupia kila kisicho na kwao, kinafeli. Kitoe.

Hatua ya 4: Alama

Alama zenyewe ni chache. Komponenti ni mstatili wenye jina, na kwenye kona ya juu kulia unaweka kialama kidogo cha komponenti au unaandika neno «component» juu ya jina. Huduma inayotolewa ni duara dogo kwenye ncha ya mstari unaotoka kwenye kisanduku. Huduma inayohitajika ni nusu duara. Nusu duara ikilikumbatia duara, maana yake wawili hao wameunganishwa. Mshale wa vistari unatoka kwa anayehitaji kwenda kwa anayehitajika. Kimraba kwenye ukingo wa kisanduku ni mlango, mahali ambapo huduma huingilia au kutokea.

Ukikuta michoro ya zamani ambayo mstatili wenyewe una vipande viwili vimechomoza ubavuni kushoto, usishangae. UML, lugha ya kuchorea mifumo ambayo alama hizi ni zake, ilipitishwa na OMG, shirika la viwango vya programu, mwaka 1997, na alama hiyo ndiyo iliyotumika mpaka toleo la 2.0 la mwaka 2005 lilipoihamishia kwenye kialama cha kona. Kuna jambo lingine lililobadilika, nalo bado linawachanganya watu: katika matoleo ya mwanzo komponenti mara nyingi ilimaanisha faili lenyewe, programu inayoendeshwa au maktaba ya msimbo. Toleo la 2 likayapa mafaili alama yao na kuiacha komponenti iwe kipande cha mfumo chenye kazi na mipaka. Ndiyo maana "seva.jar" si jina zuri la komponenti, na "Android" si komponenti ya mfumo wako.

Hatua ya 5: Violesura

Tumia robo ya muda wako kwenye visanduku, uliobaki wote kwenye violesura, yaani yale maduara na nusu duara. Makubaliano kati ya vipande yamo humo, na mifumo mingi huharibikia humo.

Anza na uhusiano wa Mizani na Daftari la Wakulima. Karani anahitaji kujua mkulima namba 217 ni nani. Unaweza kuchora kiolesura kiitwacho Tafuta Mkulima: Mizani inauliza, Daftari linajibu, kila mtu anapofika na gunia lake. Unaweza pia kuchora kiolesura kiitwacho Nakala ya Orodha: asubuhi kabla ya kazi, Mizani inavuta orodha nzima na kuihifadhi kwenye simu. Kwenye karatasi tofauti ni maneno mawili juu ya duara. Kule juu mlimani ambako mtandao huja na kuondoka, tofauti ni kama foleni ya wakulima itasogea au itasimama. Swali la kwanza la meneja limejibiwa na jina la kiolesura. Kwa hiyo usiandike "data" au "API" juu ya mstari ukadhani umemaliza. Andika kinachoombwa na kinaombwa lini.

Sasa Mizani kwenda Mapokezi. Kiolesura kinaitwa Pokea Uzito, nacho kinatolewa na Mapokezi. Pembeni ya mchoro andika kinachopita hapo:

wasilisha(nambaYaStakabadhi, nambaYaMkulima, kilo, saaYaKupima)

Namba ya stakabadhi inatungwa na simu yenyewe, tuseme MZ2-0417, yaani mizani ya pili, stakabadhi ya 417. Kwa nini simu, wakati Mapokezi yangeweza kuitunga? Kwa sababu mtandao unaweza kukatika baada ya uzito kufika, kabla ya jibu kurudi. Simu itadhani haujafika na itautuma tena. Namba ikiwa imetungwa kwenye simu, Mapokezi yataona MZ2-0417 mara ya pili na kujua ni ileile. Namba ikitungwa na Mapokezi, kilo 38.5 za mkulima zitageuka 77, na kosa litaonekana siku ghala linapohesabiwa. Jambo hilo huwezi kulichora kwa duara, lakini ni sehemu ya makubaliano, kwa hiyo liandike kwenye kikaratasi kilichounganishwa na kiolesura. UML ina alama ya kikaratasi, mstatili wenye kona iliyokunjwa, na inatumika kidogo mno.

Malipo ndiyo yenye utata zaidi. Wengi huchora mshale mmoja: Malipo kwenda huduma ya pesa kwa simu, basi. Lakini fuata pesa yenyewe. Kwa kawaida ukituma agizo, jibu la papo hapo ni kwamba ombi limepokelewa tu. Matokeo, kama pesa imefika au imekwama kwa sababu namba imefungwa, huja baadaye, na huja kwa huduma ile kuita mfumo wako. Maana yake Malipo yanahitaji kiolesura Tuma Pesa kutoka nje, na wakati huohuo yanatoa kiolesura Pokea Matokeo ili walio nje wakiite. Maduara mawili, pande mbili. Ukilisahau la pili, hakuna atakayekumbuka kwamba seva yako lazima ifikike kutoka nje, wala kwamba lazima ihakiki anayebisha hodi ni nani kabla ya kuamini kwamba milioni fulani "zimelipwa".

Na kama matokeo hayaji kabisa? Hapo ndipo unahitaji cha tatu: Uliza Hali. Bila hicho, mhasibu akiona agizo halina jibu ataminya "tuma tena", na mkulima mmoja atalipwa mara mbili. Mkulima huyo hutamwona ofisini akilalamika.

Kuhusu majina: kipe kiolesura jina la kazi, usikipe jina la kampuni. Tigo ilibadili jina kuwa Yas mwaka 2024, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Aliyekuwa ameandika "Tigo Pesa" kwenye kila duara ilimbidi arekebishe mchoro mzima au auache ukisema uongo. Aliyeandika Tuma Pesa hakugusa kitu. Jina la kampuni liandike kwenye kisanduku cha nje peke yake. Hivyo swali la pili la meneja linapata jibu fupi: ukihama kampuni, kinachobadilika ni ndani ya Malipo.

Hatua ya 6: Mishale na mizunguko

Mshale unaelekea kwa anayetegemewa. Watu huugeuza kwa sababu wanafikiria data inakwenda wapi. Uzito unatoka Mapokezi kwenda Hesabu za Mkulima, basi wanachora mshale hivyo. Lakini anayehitaji ni Hesabu, kwa hiyo mshale unatoka Hesabu kuelekea Mapokezi. Anayeujua mfongo wa kumwagilia migomba ataelewa upesi: uliza nani atakaukiwa juu pakifungwa, huyo ndiye anayetegemea. Mapokezi yakizimika, Hesabu zinakauka. Hesabu zikizimika, Mapokezi yanaendelea kupokea.

Ukishachora mishale yote, tafuta mzunguko. Weka kidole kwenye kisanduku, fuata mishale, uone kama utarudi ulipoanzia. Kwenye mfumo wetu mzunguko huzaliwa hivi. Meneja anaomba skrini ya karani ioneshe kama mkulima ameshalipwa malipo ya awali. Ombi la haki kabisa. Mtengenezaji mwenye haraka anaifanya Mapokezi iulize Hesabu. Lakini Hesabu tayari inaitegemea Mapokezi kwa ajili ya kilo. Tangu siku hiyo vipande viwili vimekuwa kimoja chenye majina mawili: huwezi kukijaribu kimoja bila kingine, na Hesabu zikigoma, kupokea kahawa kunagoma pia.

Dawa yake ni kipande cha Taarifa. Kinasoma kutoka Mapokezi, kinasoma kutoka Hesabu, na hakuna kinachokitegemea chenyewe. Karani anafungua ukurasa wa Taarifa pembeni. Ukurasa ukigoma, mizani haijali. Mishale yote inatoka Taarifa na hakuna unaoingia, na ukiuona mchoro huo unajua kipande hicho unaweza kukibadilisha hata Ijumaa jioni bila hofu.

Kilichobaki ni rahisi. Hesabu inahitaji Kilo za Msimu kutoka Mapokezi, Bei Iliyopatikana kutoka Mauzo, Mwanachama kwa Namba kutoka Daftari, na Agizo la Malipo kutoka Malipo. Malipo yenyewe hayajui kahawa ni nini: yanapokea namba ya simu, kiasi na namba ya kumbukumbu. Na swali la tatu la meneja, makato mapya? Hesabu za Mkulima, basi.

Hatua ya 7: Ndani ya kisanduku, ikibidi

Fungua kisanduku kimoja tu, kile chenye utata. Kwetu ni Malipo. Chora mstatili mkubwa, weka milango kwenye kingo zake (Agizo la Malipo, Tuma Pesa, Pokea Matokeo, Uliza Hali), na ndani yake vipande vidogo: Foleni ya Maagizo, Kiunganishi cha kampuni ya simu, na Msuluhishi anayelinganisha maagizo na matokeo. Mstari kutoka mlangoni kwenda kipande cha ndani unaonesha nani hasa anapokea kazi iliyoingia hapo. Vingine viache vimefungwa. Sijawahi kuona faida ya kufungua Ujumbe.

Hatua ya 8: Chora kwa chombo kinachorekebishika

Karatasi na penseli kwanza, ukiwa na wenzako mezani. Kisha hamishia kwenye chombo. draw.io ni ya bure na inatosha kwa anayependa kuburuta visanduku kwa mkono. Mimi napendelea PlantUML, ambayo unaandika mchoro kama maandishi:

```
@startuml
component "Mapokezi" as MP
component "Hesabu za Mkulima" as HM
component "Malipo" as ML
interface "Kilo za Msimu" as KM
interface "Agizo la Malipo" as AM
MP - KM
HM ..> KM
ML - AM
HM ..> AM
@enduml
```

Mstari mzima unaunganisha komponenti na huduma inayoitoa, mshale wa vistari unaonesha anayeihitaji. Maandishi yanakaa pamoja na msimbo, na mtu akibadilisha mshale mmoja, badiliko linaonekana kama mstari mmoja. Kwa picha iliyochorwa kwa mkono utalazimika kulinganisha kwa macho. Hasara ni kwamba hupangi visanduku unavyotaka, programu inapanga yenyewe, na wakati mwingine inapanga vibaya. Vumilia, au gawa mchoro.

Hatua ya 9: Ujaribu mchoro kabla haujaaminiwa

Mwite mtu ambaye hakuuchora. Mpe tukio: mkulima amepima asubuhi, mtandao umekatika saa nne, umerudi saa tisa, mhasibu ameidhinisha jioni, simu ya mkulima ilikuwa imezimwa. Afuate kidole kutoka Mizani mpaka Ujumbe, akitaja kiolesura kila anapovuka mpaka. Akikwama na kusema "hapa nadhani inapita tu," kuna kiolesura hakijachorwa.

Kisha funika kisanduku kimoja kwa kiganja na uulize nini kinasimama. Kipe kila kisanduku zamu yake. Ukifunika Ujumbe na kugundua malipo yanasimama, rudi hatua ya 6: pesa za watu hazipaswi kungoja SMS.

Mwisho, uliza taarifa binafsi zinakaa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na majina, simu na namba za vitambulisho vya wakulima vinaangukia humo. Weka alama kwenye kila kiolesura kinachopitisha vitu hivyo. Kwetu ni Nakala ya Orodha, Mwanachama kwa Namba, Agizo la Malipo na njia ya kwenda SMS. Ukiitazama Nakala ya Orodha utaona kwamba simu ya karani inabeba orodha ya chama kizima. Je, inahitaji namba za simu za wakulima? Haihitaji. Jina na namba ya uanachama vinatosha kupimia. Punguza kiolesura, na simu ikiibiwa Mbuyuni siku ya soko, umepoteza kidogo.

Hatua ya 10: Usiuache uzeeke

Mchoro uwekwe kwenye hazina ileile ya msimbo, na kanuni iwe moja: badiliko linaloongeza utegemezi mpya kati ya vipande halipiti ukaguzi mpaka mshale wake uwepo kwenye mchoro. Mabadiliko ya ndani ya kisanduku hayahitaji kuugusa. Kabla ya msimu wa kahawa kuanza, linganisha mishale na msimbo wenyewe: tafuta kila mahali ambapo Mapokezi yanaita kipande kingine, na kama kuna mwito usio na mshale, ama uchore ama uufute mwito. Nakala ya meneja ichapishwe bila milango na bila vikaratasi, visanduku na majina ya violesura tu, kwenye ukurasa mmoja wa A4.